Jamaa wa Kibokoni: donge la Ami Athman

[Jumanne, saa 2:12 usiku]

*Shangazi Zuwena:* Assalamu alaykum jamaa. Leo nimepita kwa kaka Athman. Lile donge la mbele ya sikio sasa ni kama limau. Kesho nakwenda kumchua na mafuta ya habasoda.

*Ami Athman:* Haliumi lakini. Nilidhani ni matubwitubwi, na huu mwaka wa pili.

*Fatma:* Shangazi, nakuomba usimchue. Ami, matubwitubwi hayakai miaka miwili. Na kutouma si salama, uvimbe wa tezi za mate mara nyingi hauumi, uwe wa saratani au usiwe.

*Swaleh:* Kwani mate yatoka sikioni?

*Fatma:* Mbele ya sikio kuna tezi, na nyingine chini ya taya, na chini ya ulimi. Tena ziko ndogondogo mamia midomoni na kwenye kaakaa. Ya sikioni ndiyo huota uvimbe zaidi, na takriban 8 katika 10 za hapo si saratani. Chini ya taya ni karibu nusu kwa nusu. Chini ya ulimi ni nadra, ila zikitokea nyingi ni saratani.

*Shangazi Zuwena:* Basi la Athman liko pazuri. Tuliache.

*Fatma:* La, shangazi. Ule unaopata watu wengi zaidi, adenoma pleomofiki, si saratani, lakini ukiachwa miaka mingi waweza kugeuka. Wala hautumbuliwi. Una vichipukizi vinavyopenya ganda lake, vikibaki hurudi baada ya miaka, madonge mengi pahali pa moja. Daktari huutoa pamoja na nyama ya tezi iliyouzunguka, tena polepole, maana mshipa wa fahamu unaoendesha uso umepita mle mle ndani ya tezi. Ndiyo sitaki mtu aliguse kwa wembe.

Ami, fumba macho kwa nguvu, kisha tabasamu meno yaonekane. Swaleh akupige picha.

*Swaleh:* [picha]

*Fatma:* Alhamdulillahi, pande zote sawa. Mdomo ungepinda au jicho likatae kufumba, ningehofia saratani imeshika mshipa. Hata hivyo uso pekee hautoshi. Apigwe ultrasaundi, achomwe sindano nyembamba, chembe ziangaliwe kwa darubini.

*Ami Athman:* Barazani wasema donge likichomwa laenea.

*Fatma:* Kwa sindano hiyo hatari ni ndogo mno, ami yangu. Mimi naihofia hii miaka miwili. Na mwambie daktari kuhusu sigara. Kuna uvimbe wa Warthin, si saratani, huwapata sana wavutaji.

*Ami Athman:* Nitamwambia. Na ikiwa ni saratani?

*Fatma:* Sitakuficha. Hupasuliwa kwanza, na mionzi baadaye ikihitajika. Ziko zinazokua polepole na kutibika vizuri zikiwahiwa. Ziko zinazotambaa kufuata mishipa ya fahamu na kurudi baada ya miaka, hizo mgonjwa huangaliwa muda mrefu. Lolote litakalotoka, nitakuwa nawe chumbani.

*Shangazi Zuwena:* Habasoda nimeirudisha kabatini. Swaleh, nani ampeleka?

*Swaleh:* Mimi. Twaanzia hospitali ya Coast General, kwa daktari wa masikio, pua na koo. Saa 1 niko mlangoni na tuktuk.

*Ami Athman:* Utanikuta nimeshavaa.