Kigari cha gofu cha petroli: stata inazunguka lakini injini haiwaki, naombeni ushauri

BintiJambiani:
Assalaam aleikum ndugu zangu. Hotelini kwetu, pwani ya mashariki ya Unguja, tuna kigari cha gofu cha petroli cha kuchukulia wageni na mizigo kutoka getini hadi vyumbani. Masika tulifunga, kikakaa bandani mvua zote. Sasa wageni wanarudi, kigari hakiwaki. Nikikanyaga pedali stata inazunguka kwa nguvu, ila injini haionyeshi dalili yoyote ya kushika. Ni ya silinda moja, imeandikwa FE290. Fundi wa pikipiki wa hapa kabadilisha plagi, hali ni ileile. Sasa anasema kabureta, kile kifaa cha kuchanganya petroli na hewa, imekufa, tuagize mpya kutoka Dar. Nipime nini kabla sijatoa pesa?

FundiTegeta:
Waaleikum salaam dada. Usiagize chochote kwanza. FE290 ni injini ya Kawasaki, ukubwa wa cc 286, imefungwa kwenye vigari vingi vya gofu na haina mambo mengi. Ikigoma kuwaka, tafuta vitu vitatu: moto (cheche ya plagi), petroli, mgandamizo (pistoni kukaza hewa ndani ya silinda). Anza na moto maana ndio rahisi kupima. Fungua plagi, irudishe kwenye kofia yake, chuma chake kiguse bodi ya injini mbali na tundu ilikotoka, kisha mwenzako akanyage pedali. Cheche iwe ya buluu na uisikie ikipiga. Ikiwa nyekundu na dhaifu, hesabu kwamba hakuna moto.

Angalia pia ncha ya plagi mara tu ukiitoa: imelowa petroli au ni kavu? Na upime betri. Ikijaa inasoma kama volti 12.6, na stata ikizunguka isishuke chini ya 10.

GerejiKilifi:
Naongezea. Ukikosa moto usikimbilie kununua koili, ile inayoipa plagi umeme wa cheche. Kuna waya wa kuzimia injini unaoingia kwenye koili, na ukigusa bodi popote, moto unakatika. Huku pwani chumvi inakula viungio na swichi, kwa hiyo waya huo ndio wa kushuku kwanza. Uchomoe pale kwenye koili upime tena. Moto ukirudi, koili ni nzima. Tahadhari tu: waya ukiwa nje, injini ikiwaka haitazimika kwa ufunguo. Itabidi uvute choki, kile kizibo cha hewa cha kabureta, mpaka ife.

BintiJambiani:
Ahsanteni sana. Moto upo, wa buluu, unasikika. Betri inasoma 12.5, stata ikizunguka 10.8. Plagi ni kavu kabisa, haina hata harufu ya petroli. Petroli ya zamani tulishaimwaga, tangi lina mpya.

FundiTegeta:
Basi umeme tuuache. Tia petroli chini ya kijiko cha chai kwenye tundu la plagi, funga plagi, washa. Ikishika kidogo ikafa, mgandamizo upo na shida ni petroli kutofika. Usiimwagie kwenye mdomo wa kabureta filta ya hewa ikiwa wazi. Injini ikitema moto kwa nyuma, utaungua uso.

GerejiKilifi:
Na hapa ndipo fundi wa pikipiki anapopotea, wala simlaumu. Pikipiki nyingi tangi liko juu, petroli inateremka yenyewe. Kwenye kigari tangi liko chini, kwa hiyo kuna pampu. Pampu hiyo haitumii umeme. Ndani ina ngozi nyembamba ya mpira, na bomba moja la mpira linaiunganisha pampu na tumbo la injini, chini ya pistoni. Pistoni ikipanda na kushuka, upepo wa tumboni unavuta na kusukuma ile ngozi, petroli inakwenda. Mpira huo ukipasuka hata ufa mdogo, upepo unavujia nje na pampu inalala. Wengi wanaukagua mpira wa petroli na kuusahau huu, kwa kuwa haupitishi mafuta.

Uvue wote, ukunje kwa vidole, hasa kwenye ncha chini ya vibanio. Baada ya hapo chomoa mpira wa petroli unaoingia kwenye kabureta, uelekeze kwenye chupa, mkiwa nje penye upepo na plagi ikiwa imefungwa mahali pake, cheche isitokee nje. Pampu nzima itatema petroli kwa vipigo.

BintiJambiani:
Mmenifaa kweli. Kwa petroli ya kwenye tundu ilishika, ikazima. Mpira wa upepo umepasuka chini ya kibanio, ufa huuoni mpaka uukunje. Fundi ana kipande cha mpira wa jiko la gesi, anauliza kama kitafaa.

FundiTegeta:
Hapana dada. Nunua mpira wa petroli wenye tundu sawasawa na wa zamani na ukuta mgumu. Mpira laini utavimba na kunywea, ile nguvu ya kuisukuma ngozi ipotee humohumo. Usiurefushe pia.

BintiJambiani:
Imewaka! Ila naomba msaada kidogo tena. Inataka choki nusu. Nikiirudisha, mwanzo wa pedali inakohoa na kuzima. Nikikanyaga hadi chini inakwenda vizuri.

MzeeKarakana:
Hiyo ni jeti ndogo, mwanangu, kile kijitundu cha kabureta kinachopitisha petroli ya mwendo mdogo. Jeti kubwa inapitisha, ndiyo maana mwisho wa pedali iko sawa. Petroli iliyokaa miezi ndani ya bakuli la kabureta imekauka ikaacha utando, na tundu la jeti ndogo ni jembamba mno. Funga petroli, fungua bakuli, toa jeti, ipulizie dawa ya kuoshea kabureta kisha upepo wa kompresa, na njia zake zote. Usiichokonoe kwa sindano, utaipanua. Ishike juani: ukiona mwanga mviringo upande wa pili, imefunguka. Kagua na gasketi ya bakuli, zikikaa kavu huwa zinapasuka.

Kabureta yako ni nzima, isafishe tu. Na masika ijayo, kabla ya kukiingiza bandani, legeza skrubu iliyo chini ya bakuli, petroli yote itoke.

BintiJambiani:
Nimekuelewa mzee wangu, shikamoo. Tunaifungua kesho asubuhi kabla jua halijawa kali.