Kwa nini wengine wanatoroka karantini?

Dagaa Mkavu: Wakuu habarini, niko Kirumba mwaloni, soko la samaki hapa Mwanza. Machi 2023 Marburg, ule ugonjwa wa kirusi unaofanana na Ebola, ilivyotangazwa Kagera tuliambiwa aliyekaribiana na mgonjwa afuatiliwe siku 21. Sasa mbona mtu mmoja anatulia ndani, mwingine anapanda mtumbwi usiku anasepa?

Mama Igombe: Njaa mwanangu. Mvuvi analala na alichopata leo, umwambie siku 21 asiingie ziwani nani atalisha wanae? Ile 2020 ya korona jirani yangu katoka safari akaambiwa siku 14 ndani, tukawa tunamwekea sufuria ya ugali na sato mlangoni, akisikia tumeondoka ndo anafungua, akamaliza zote. Mwenzie nyumba ya pili hakupelekewa hata ndoo ya maji, siku ya nne namkuta anaanika dagaa. Mimi simlaumu.

Ngosha: Mama kasema kweli ila na woga upo. Watu wanadhani ukipelekwa karantini hurudi, na ukifa hata ndugu hawakuoshi. Na hiyo 21 hakuna anayewaeleza kuwa kirusi kinaweza kukaa mwilini muda wote huo mtu yuko mzima kabisa, anajiona anaonewa tu. Aje balozi wa nyumba kumi mnayemjua aongee Kisukuma taratibu, watu wanasikiliza.

Dagaa Mkavu: Asante mama, asante mkuu. Kesho naongea na wenzangu hapa mwaloni tuanze kuchanga unga mapema, kabla ugonjwa haujaja.