Naomba ushauri: Kaka ana homa ya ini, ameletewa unga wa kunywa badala ya mlo

Binti Ujiji
Ndugu zangu, ninaandika kwa ajili ya kaka yangu mkubwa, mwenye miaka 46, aliyegundulika mwaka jana kuwa na homa ya ini aina ya B na ambaye hunywa kila siku kidonge cha tenofovir, dawa ya hospitali ya kudhibiti kirusi cha ugonjwa huo. Hamu ya chakula imemtoka na amekonda. Jirani anayeuza virutubisho amemletea kopo la unga wa kukoroga anywe asubuhi na jioni badala ya mlo, pamoja na vidonge vya kusafisha ini ambavyo lebo yake inataja dondoo ya chai ya kijani na manjano. Kinachoninyima usingizi ni kwamba amemshauri aache dawa za hospitali kwa mwezi mmoja ili ini lipumzike. Je, vitu hivi ni salama?

Mfamasia wa Mwanga
Pole, dada. Naanza na hilo la mwisho kwa sababu ndilo la hatari zaidi: asiache tenofovir bila daktari wake kuamua, kwani dawa ikikatishwa kirusi huweza kuibuka upya kwa nguvu na kulidhuru ini vibaya, wakati mwingine hadi kushindwa kufanya kazi.

Kuhusu vidonge, kikombe cha chai ya kijani hakina tatizo. Tatizo ni dondoo iliyokolezwa. Mwaka 2018 mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilieleza kuwa katekini, yaani kemikali za asili za chai hiyo, zikitumiwa kama virutubisho kwa kiasi cha miligramu 800 au zaidi kwa siku, zinaweza kupandisha vimeng'enya vya ini kwenye damu, dalili kwamba ini linaumia. Vidonge vya manjano navyo, hasa vilivyochanganywa na pilipili manga ili mwili uyafyonze zaidi, vimewahi kuhusishwa na homa ya ini isiyotokana na kirusi, ingawa manjano ya kwenye mchuzi hayana neno. Tazama pia vitamini A, kwa maana ikizidi hurundikana kwenye ini lenyewe. Kwa kaka yako, mimi ningeviweka kando vyote.

Mama Zuhura, Kasulu
Mume wangu ana makovu kwenye ini. Hospitali hawakutuambia apunguze chakula bali aongeze, ale kidogo kidogo mara nyingi, na apate kitu kabla ya kulala ili asikae na njaa usiku kucha. Unga mwingi wa namna hiyo umetengenezwa kwa wanaotaka kupungua, glasi moja ikitoa takriban kilokalori 200, na mtu aliyekonda akiufanya mlo atazidi kudhoofika. Sisi tulimrudisha kwa mayai, maharage, uji wa maziwa na migebuka. Dagaa wa chumvi tuliwaacha kwa sababu tumbo lilikuwa limejaa maji.

Mwalimu wa Kibondo
Nyongeza moja: mkimpikia uji wa karanga au mahindi, chagueni punje moja moja na mtupe zilizoota ukungu. Sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu huo, na kirusi cha homa ya ini B vikikutana huongeza sana hatari ya saratani ya ini.

Binti Ujiji
Nawashukuru sana. Nimezungumza na kaka na amekubali kuendelea na tenofovir. Vidonge nimevichukua mimi, na Jumatatu tunakwenda kliniki pamoja na kopo na chupa ili daktari asome lebo mwenyewe na kumpima damu ya ini. Mama Zuhura, hicho anachokula mumeo kabla ya kulala huwa ni kitu gani hasa?

Mama Zuhura, Kasulu
Kikombe cha uji wa maziwa na yai moja la kuchemsha, mwanangu, saa nne usiku.