Kwa nini msaada wa Goma unazunguka dunia nzima mbele ya kutufikia?

Mtoto wa Birere: Jamani salamu, niko na swali. Nilikuwa nabeba mizigo ku depo ya ONG (shirika la msaada) moja hapa Goma, mifuko ya petipwa (njegere kavu) za manjano zilizovuka bahari, shitingi (maturubai) nazo zimetoka mbali, halafu jioni napita soko nakuta maharagi ya Masisi, hapa karibu, yamejaa. Hii dunia kuwa kijiji kimoja inatusaidia ao inatufunga?

Mama Himbi: Mwanangu, weye hukuona 1994. Wakimbizi wa Rwanda karibu milioni moja waliingia hapa ku siku chache, kolera ikaanza, watu makumi ya maelfu wakafa, tukawa tunapita kando ya maiti barabarani. Waisraeli walileta hospitali ya jeshi, Wamarekani mashini za kusafisha maji, ndege zinashuka tu. Maharagi ya Masisi yangelisha nani siku ile? Sisemi ilikuwa safi, hata walioua kule Rwanda walikula mule mule na wakatawala makambi, MSF (Madaktari Wasio na Mipaka) ya Ufaransa iliondoka ju ya ile. Lakini yale makosa ya hapa kwetu ndiyo yalisukuma ma-ONG kuandika kanuni za Sphere za kutoa msaada, ile angalau litre 15 za maji kwa mtu kwa siku. Leo wanazifuata dunia nzima.

Shofa wa Sake: Mama uko na haki ila shida ni kamba moja kukamata kila kitu. Mzigo unashuka Mombasa, unakata Kenya na Uganda kufika Bunagana ku mpaka wa Kongo, kila mpaka na makaratasi yake. Na makuta (pesa)? 2024 Marekani peke yake ilitoa karibu 70% ya msaada wa kibinadamu Kongo hii. Tarehe 20 Januari 2025 Trump anatia sinyatire Washington kusimamisha msaada wa inje, wiki moja nyuma ya pale vita inaingia Goma, uwanja wa ndege unafungwa, banki nazo zinafungwa. Vyote mwezi mmoja!

Mtoto wa Birere: Njo pale kazi yangu iliishia. Na ile ahadi ya wafadhili ku mkutano wa Istanbul 2016, eti 25% ya makuta ipite ku mashirika ya wenyeji kufika 2020, iliishia wapi? Ingekuwa hivyo wangenunua Masisi.

Shofa wa Sake: Wangenunua kidogo, bei ipande, na weye na mama mushindwe kula. Wakulima wenyewe wamekimbia mashamba.

Mtoto wa Birere: Mm. Ukipata kamyo ya kushusha, uniite.