Tunalipia "usimamizi wa usalama" kila mwezi, kumbe funguo za seva anapewa yeyote anayejua kuomba

Wakuu, nimesubiri wiki mbili hasira ipungue ndipo niandike. Haijapungua, kwa hiyo mnivumilie.

Mimi ni fundi wa mifumo kwenye kampuni ndogo hapa Dar, tunauza spea za magari mtandaoni. Seva zetu ziko AWS, huduma ya wingu ya Amazon inayokodisha seva, na kuna mkandarasi tunayemlipa kuzisimamia. Jina silitaji, msiniulize.

Kwenye duka letu wakala anabandika kiungo cha picha ya spea, seva inakwenda kuichukua yenyewe na kuiweka dukani. Jumamosi usiku napitia logi (kumbukumbu za maombi yanayopita kwenye seva), natafuta jambo jingine kabisa, nakutana na wakala aliyejisajili siku hiyo hiyo. "Picha" yake ya shokamzoba ni hii:

http://169.254.169.254/latest/meta-data/iam/security-credentials/

Jasho lilinitoka na feni inazunguka. Kwa asiyeijua anwani hiyo: huwezi kuifikia ukiwa nje. Ni mahali ambapo seva ya wingu inajiulizia habari zake yenyewe: mimi ni nani, niko kanda gani, na funguo zangu ni zipi. Ndiyo, funguo. Ukiita njia hiyo unapewa jina la wadhifa wa seva (role, yaani kundi la ruhusa ilizopewa). Ukiliongeza jina hilo mwishoni, unapewa funguo za muda zenye mamlaka yote ya wadhifa huo. Huyu bwana hakuhitaji kuifikia. Alimtuma mfanyakazi wa ndani akamletee funguo za kabati la tajiri, na mfanyakazi akaleta bila kuuliza, akazihifadhi kwenye folda ya picha na kumpa kiungo cha kuzifungulia. Dakika mbili baadaye logi inaonyesha ombi la pili, safari hii na jina la wadhifa mwishoni. Jibu: 200, yaani ombi limefanikiwa.

Na wadhifa wenyewe, alioutengeneza mkandarasi, ulikuwa na ruhusa ya kusoma kila baketi (ghala la mafaili kwenye wingu) tuliyonayo. Moja ina picha za vitambulisho vya NIDA vya mawakala wetu. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 mkusanyaji wa taarifa hizo ni sisi, si yeye.

Msimbo wa programu unaokubali kiungo chochote ni wetu. Kosa hilo nalibeba, na siku hiyo hiyo nilizima kipengele na kuzifuta ruhusa za wadhifa. Ninachogombana nacho ni majibu. Nilifungua tiketi usiku ule ule, Jumatatu nikajibiwa hivi: "Anwani hiyo ni ya ndani, haifikiki kutoka intaneti. Tunafunga tiketi." Nilipopiga simu nikipayuka, wakaongeza kanuni kwenye fayawoli (kichujio cha maombi ya mtandao) ya kuzuia maandishi 169.254.169.254. Nikaenda kwenye seva ya majaribio, nikaandika http://2852039166/ badala yake, ambayo ni anwani ile ile ikiandikwa kama namba moja. Ikapita, chai yangu haijapoa.

Jamani, hili si jambo geni! Mwaka 2019 Capital One ya Marekani iliibiwa kwa njia hii hii: fayawoli yao ya wavuti iliyosanidiwa vibaya ilitumwa kwenye anwani hiyo, ikatoa funguo, baketi zikasombwa. Watu kama milioni 106 Marekani na Kanada. Faini ya dola milioni 80 mwaka uliofuata, halafu dola milioni 190 kumaliza kesi ya wateja. Novemba mwaka huo huo wa 2019 AWS wakatoa toleo la pili la huduma inayojibu kwenye anwani hiyo, ambalo kwanza unaomba tokeni (kibali cha muda) kwa ombi la aina ya PUT lenye heda maalumu (maelezo yanayoambatana na ombi), kisha unaipeleka tokeni kwenye kila ombi. Kiungo cha picha kinatuma GET tupu, ombi la kawaida la kusoma, hakiwezi kuweka heda, kinaishia mlangoni. Google na Azure ya Microsoft nao wanadai heda yao. Sasa mtu aniambie kwa nini seva zetu mpaka mwezi uliopita zilikuwa zinajibu toleo la kwanza, wakati dawa ni kuweka HttpTokens kuwa required, yaani tokeni iwe lazima. Mpangilio mmoja!

Wakaniambia "itavunja programu". Wameangalia? Kuna kipimo kinaitwa MetadataNoToken, kinahesabu maombi yasiyo na tokeni. Nilikifungua mwenyewe: kilichokuwa kikipiga toleo la kwanza ni skripti moja ya bekapu yenye maktaba ya zamani. Nimeisasisha, hesabu ikashuka hadi sifuri, nikaweka required. Kilichonisumbua ni kontena moja ya Docker (programu iliyofungwa kwenye boksi lake ndani ya seva), kwa sababu tokeni kwa kawaida inaruhusiwa hatua moja tu ya mtandao na kontena inaongeza ya pili. Hiyo nimeipa kikomo cha 2, roho ikiniuma. Kazi yote imekula saa tatu, pamoja na umeme kukatika.

Najua toleo la pili haliponyi kila kitu. Mtu akishaweza kuendesha amri ndani ya seva, ataiomba tokeni mwenyewe kama mwenye nyumba. Ndiyo maana ruhusa za wadhifa nazo nimezipunguza, seva ya duka sasa inaona baketi moja tu.

Jana imekuja ankara. Mstari wa tatu: "Usimamizi wa usalama, saa 40." Bosi anataka tulipe yaishe, mimi nimegoma kuisaini. Kuna mdau amewahi kukata malipo ya mkandarasi kwa uzembe wa aina hii? Mkataba wetu umeandika "kusimamia kwa viwango vinavyokubalika" na basi. Uliwabana kwa kifungu gani?