Kitabu cha mbuga kwa watoto: cha hadithi, cha picha na majina, au cha kazi?

Mama Wawili
Habari za jioni wadau. Likizo ya mwezi wa sita tunawapeleka watoto Mikumi, mmoja ana miaka 9, mwingine 5. Nataka waanze kusoma kabla ya safari. Dukani nimekuta aina tatu: cha hadithi (watoto wamepotea porini, tembo anawaokoa), cha picha na majina ya wanyama, na cha kazi, vile vya kupaka rangi na kuunganisha nukta. Hela inatosha kimoja, viwili nikijibana. Nichukue kipi?

Baba K
Cha picha, dada, ila kifungue kwanza. Mimi nilibeba kimoja karatasi inang'aa, kumbe kimetafsiriwa tu. Ukurasa wa chui wameweka mnyama mwenye milia! Huyo ni simbamarara, kwao Asia, porini Afrika hayupo. Mwanangu siku nzima anamsumbua dereva, "chui wa milia yuko wapi?" Maskini dereva akaishia kumwonyesha pundamilia.

Mwalimu wa Darasa la Tatu
Baba K umenivunja mbavu. Kipimo changu mimi ni swala. Kitabu kikiita "swala" kila chenye pembe, kirudishe. Watoto wanashika vizuri tu swala pala, kuro, pofu, kongoni. Kuro ana duara jeupe matakoni kana kwamba alikalia rangi mbichi. Mtoto akiambiwa hivyo hasahau. Halafu tazama duma. Ana michirizi myeusi kama ya machozi, toka machoni hadi mdomoni, chui hana. Mchoraji asiyeijua hiyo hajawahi kumtazama duma.

Wa Lang'ata
Salamu kutoka Nairobi. Mbuga yetu iko hapa hapa mjini tangu 1946, kilomita za mraba 117 tu, kwa hivyo wangu wamezoea kuona twiga na maghorofa nyuma yake. Majina wanayo. Kilichowanasa ni hadithi. Kwa nyanya yao fisi ni yule mlafi mjinga wa siku zote, lakini tulisoma moja ya fisi jike anayelea watoto pangoni, na safari iliyofuata binti yangu alikataa tuondoke mpaka amwone fisi. Orodha ya majina haiwezi kufanya hivyo.

Mwalimu wa Darasa la Tatu
Hapo sibishi. Ila nyingi ninazokutana nazo, simba na swala wanakula meza moja.

Dereva Moro
Nawabeba sana watoto, niseme la cha kazi. Kuna vinavyomwambia mtoto "okota unyoya, okota jani, bandika hapa". Hifadhini huruhusiwi kuondoka na kitu, na Mikumi muda mwingi mko ndani ya gari. Hicho kikafanyieni kazi nyuma ya nyumba, siafu na mijusi wapo wa kutosha. Tafuta chenye nyayo. Unyayo wa simba hauonyeshi kucha, wa fisi unaonyesha. Asubuhi kwenye vumbi la barabara unasimamisha gari, mtoto anachungulia dirishani na kitabu mkononi. Na kinyesi cha fisi ni cheupe kwa sababu ya mifupa anayotafuna. Nikifika hapo hata waliosinzia wanaamka.
Mkitaka watembee, ongezeni siku moja Udzungwa. Ni hifadhi ya taifa tangu 1992, na ni ya miguu, si ya gari. Maporomoko ya Sanje yana kama mita 170. Wa miaka 5 atapanda mgongoni kwa baba, tusidanganyane.

Mama Wawili
Asanteni sana. Nimechukua cha picha (kuro yumo na duara lake, Mwalimu) na cha kazi chenye nyayo. Hadithi nimemwachia bibi yao.

Mama Wawili
Tumerudi jana. Cha kazi kimelowa juisi, lakini ukurasa wa nyayo umejaa. Mdogo anatangaza habari za kinyesi cheupe kwa kila mgeni anayeingia. Yule wa 9 kilichomkamata ni lile bango la faini za kugonga wanyama pale barabarani. Kalinakili lote kwenye daftari, sasa ananiuliza kwa nini twiga ana bei kubwa kuliko nyani. Kuna mwenye jibu?