Kipimo kipi kwanza: sukari ya miezi mitatu, VO2 max au kalori za mwili uliotulia?

MamaWawili_Dar
Wakuu, habari za jioni. Nina miaka 41, kilo 78, urefu sentimita 162. Najiandaa na kilomita 21 za Kilimanjaro Marathon pale Moshi, na mama yangu ana kisukari. Akiba yangu inatosha kipimo kimoja tu. Nimetajiwa HbA1c, ile sukari ya miezi mitatu. VO2 max, ya kukimbia na barakoa ili kujua mwili unaweza kutumia oksijeni kiasi gani. Na RMR, ya kujua mwili unachoma kalori ngapi ukiwa umetulia. Ningeanza na kipi?

Mbio_Arusha
Dada, VO2 max nilifanya mwaka jana. Unavishwa barakoa inayobana pua na mdomo, unapanda mashine ya kukimbilia, kila dakika wanaongeza mwinuko mpaka miguu igome. Mimi niligoma dakika ya 11. Nilipata 47, yaani mililita 47 za oksijeni kwa kila kilo ya mwili kwa dakika. Lakini faida niliipata kwingine: waliniambia pumzi yangu inabadilika mapigo ya moyo yakifika 158 kwa dakika, yaani hapo zoezi si jepesi tena. Kumbe mazoezi yangu mepesi yote nilikuwa nayakimbia kwa 160! Nikashuka hadi 140, magoti yakaacha kuuma, na muda wangu wa kilomita 10 ukapungua. Kwa mkimbiaji, mimi naona hakuna kinachokifikia.

Lishe_Mwanza
RMR ni nzuri ikifanywa kwa utaratibu: hujala tangu usiku, hujanywa kahawa, jana yake hukufanya mazoezi mazito, na unalala kimya kwanza. Mimi nilipimwa mara tu nilipopanda ngazi ghorofa ya nne, bado nahema. Namba ikatoka kubwa, nikala kwa kuifuata miezi miwili, nikaongezeka kilo 3. Iliniuma sana, maana nilikuwa napima chakula changu kwa mizani kila siku.

Dada, anza na fomula ya Mifflin-St Jeor ya mwaka 1990, haina gharama. Kilo mara 10, jumlisha sentimita mara 6.25, toa umri mara 5, kisha kwa mwanamke toa 161. Kwako inakuja kama kalori 1,427 kwa siku kabla ya shughuli yoyote. Ni makadirio, lakini ukijipima uzito kila wiki utaona kama yanakufaa.

Maabara_Tanga
Nafanya kazi maabara, na hapo kwa mama mwenye kisukari ndipo mngeanzia nyote. Sukari inaweza kupanda miaka mingi bila mtu kuhisi chochote. HbA1c inaonyesha wastani wa miezi miwili hadi mitatu, na huhitaji kufunga. Asilimia 6.5 kwenda juu ni kisukari, 5.7 hadi 6.4 ni hatua ya hatari, na hapo ndipo mazoezi na chakula bado vina nguvu kubwa. Hakuna barakoa itakayokuonyesha hilo.

Ila sema mapema kama kwenu kuna selimundu, kwa sababu inaweza kupotosha majibu. Hapo tunategemea sukari ya asubuhi kabla ya kula, ikiwa 7.0 mmol/L au zaidi, tunarudia siku nyingine kuthibitisha.

Mbio_Arusha
Hilo la mama nililipita haraka, samahani dada. Nakubaliana na Maabara. VO2 max unaweza kuikadiria uwanjani: kimbia dakika 12 kadiri uwezavyo, pima mita, toa 504.9, gawanya kwa 44.73. Mita 1,800, mizunguko minne na nusu ya uwanja wa mita 400, ni kama 29. Pima presha kwanza, na usiende peke yako.

MamaWawili_Dar
Asanteni sana. Jumatatu asubuhi naenda maabara, na uwanjani nitaenda na mdogo wangu majibu yakishatoka. Maabara, kwetu selimundu hakuna, ila niliambiwa nina upungufu wa damu na wiki iliyopita nimeanza vidonge vya madini ya chuma. Vinaathiri?

Maabara_Tanga
Ndiyo. Upungufu wa chuma unaweza kupandisha HbA1c kidogo, na ukianza vidonge inaweza kushuka bila sukari yenyewe kubadilika. Waambie kabla hawajakutoa damu, na uende hujala ili wapime na sukari ya asubuhi.